Mbu wa Sinema na Watu wa Mbiru

Wiki hii nimeona tuzungumzie jambo ambalo tunaliona kila jioni lakini ni nadra kuulizana habari zake, nalo ni mahali kamera iliposimama. Mtu akitazama taarifa ya habari husema nimemwona fulani, nimeona mafuriko, nimeona mkutano wa hadhara. Hasemi kwamba fulani amemwona kutoka kifuani kwenda juu, wala hasemi kwamba mkutano ameuona kutoka juu ya paa la gari. Lakini ndivyo alivyoona, na yuko mtu aliyeamua aone hivyo.

Wenye kazi hiyo wana maneno yao, nayo si magumu. Tuchukue mfano wa Kwakoa, kule tambarare ya Upare, katika wilaya ya Mwanga ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya moja ya Pare pamoja na Same. Mama anatoka kuteka maji, ndoo ya lita 20 kichwani. Mpigapicha akirudi nyuma hata mama akawa mdogo kama sisimizi, nyika imetanda na milima imesimama nyuma yake, hiyo ni shoti ya mbali. Inatuambia tuko wapi na safari ni ndefu kiasi gani. Akisogea mpaka mama aonekane mzima, kutoka unyayo hadi ndoo, tunaona mwendo wake na uzito wa mzigo. Akikata kiunoni, hiyo ni shoti ya kati, shoti ya mazungumzo, maana ndivyo tunavyomwona mtu tukisimama naye njiani na kusalimiana. Akikata mabegani uso ukajaa, hiyo ni shoti ya karibu, na hapo mama si mmoja wa wanawake wa Kwakoa tena, bali ni yeye mwenyewe na jasho lake na mawazo yake.

Kuna na mengine. Kamera ikiwekwa chini ikamtazama mtu kutoka miguuni pake, mtu huyo huonekana mkubwa hata kama ni karani tu. Ikipandishwa juu ikamtazama utosini, hupungua. Mtu akitazama kushoto huachiwa nafasi kushoto, vinginevyo ataonekana kama anazungumza na ukuta. Na juu ya kichwa huachwa nafasi kidogo. Nimeona kanda za harusi ambamo bwana harusi amekatwa paji la uso na nusu ya picha ni dari ya ukumbi. Wazee wa pande zote mbili walilipia kanda hiyo.

Mambo haya hayakuzaliwa siku moja na sinema. Ndugu Lumière wa Ufaransa walipoonyesha picha zao kwa tiketi mjini Paris mwaka 1895, kamera ilisimama mahali pamoja kama mtazamaji aliyekaa kwenye kiti chake. Miaka michache baadaye, mwaka 1900, Mwingereza George Albert Smith alitengeneza filamu fupi ya mtoto anayechezea miwani ya kukuzia ya bibi yake, na kila anachokitazama kinaletwa mbele ya macho yetu kikiwa kikubwa. Watu wa Ulaya nao walilazimika kujifunza kwamba jicho kubwa lililojaa kiwambo si jicho la jitu. Walijifunza kwa kutazama sinema, na hakuna aliyeandika kitabu kueleza upungufu wa akili zao.

Sisi tuliandikiwa.

Ukitoka Same kwa barabara kuu ya kwenda Tanga, milima ya Upare ikiwa kushoto kwako, utafika Mombo na kisha Korogwe, na juu ya Korogwe, katika milima ya Usambara, kuna mahali panaitwa Vugiri. Hapo ndipo mwaka 1935 palipowekwa makao ya mradi uliojulikana kama Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Mradi ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misioni, na fedha nyingi zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York. Wakuu wake wa kazi walikuwa wawili. Mmoja ni Meja L. A. Notcutt, ambaye alikuwa amesimamia shamba la mkonge huku Afrika Mashariki na kujaribu kupiga sinema huko shambani. Mwingine ni G. C. Latham, aliyekuwa ofisa wa elimu Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Walitumia filamu nyembamba ya milimita 16, na kwa kuwa filamu yenye sauti ndani yake ilikuwa ghali, maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri na kupigwa sambamba na picha. Filamu moja iliweza kusemwa kwa Kiswahili hapa na kwa lugha nyingine kule. Wachezaji walikuwa watu weusi, wakulima na vibarua. Kisha lori lenye mashine ya umeme likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini, na watu kwa maelfu wakakaa chini usiku kutazama.

Walitengeneza filamu zaidi ya thelathini kabla mradi haujafungwa mwaka 1937. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja anaficha fedha zake nyumbani na mwizi anazichukua, mwenzake anaziweka posta na kuzikuta salama. Nyingine zilihusu safura, mmomonyoko wa udongo, soko la kahawa. Na moja ilihusu kodi, kwa nini mwananchi alipe. Tuiweke hiyo ya kodi kando kidogo, tutairudia.

Sipendi kuwadharau watu wa Vugiri. Ukilinganisha na yaliyofuata, wao walau waliamini kwamba Mwafrika anaweza kucheza katika hadithi yake mwenyewe, na walijali kuandika watazamaji walicheka wapi na walinyamaza wapi. Yaliyofuata ndiyo yenye utata. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni. Mkuu wake alikuwa William Sellers, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi ya afya Nijeria na kuonyesha sinema za usafi vijijini. Sellers aliamini kwamba macho ya Mwafrika asiyesoma hayatui katikati ya picha bali hutangatanga kutoka pembe hadi pembe, na kwamba mambo ya kawaida ya sinema humchanganya. Kwa hiyo zikawekwa kanuni. Shoti ziwe ndefu. Kamera isihamehame. Kila hatua ionyeshwe: mtu akitoka mlangoni aonekane akitoka, akitembea, akifika. Mchezo wowote wa kamera ukwepwe. Na shoti ya karibu itumike kwa hadhari kubwa.

Ushahidi uliosimuliwa sana ni ule wa mbu. Bila shaka umewahi kuusikia kwa namna moja au nyingine. Inasemwa kwamba bwana afya alionyesha sinema ya malaria, na ndani yake mbu alikuzwa akajaa kiwambo kizima. Sinema ilipokwisha wazee wakamwambia: bwana, tunakushukuru, tunaona kwa nini huko kwenu mnawaogopa mbu, maana wetu ni wadogo tu. Kisa hiki kimesimuliwa kuwa kilitokea nchi hii, na nchi ile, na nyingine tena, mara mbu, mara nzi, mara chawa. Kisa kinachotokea kila mahali nina wasiwasi kama kilitokea popote.

Lakini tukubali kwamba kilitokea. Hebu tukipime kwa kanuni zile zile za kazi nilizozieleza. Ukimwonyesha mtu kitu kikubwa bila kumwonyesha kwanza kikiwa na ukubwa wake, bila mkono kando yake, bila kuanza mbali na kusogea, utakuwa umemnyima kipimo. Smith alilielewa hilo mwaka 1900. Ndiyo maana alimwonyesha kwanza mtoto na miwani mkononi, ndipo akakuza. Mzee aliyesema mbu wetu ni wadogo alikuwa akilalamikia shoti iliyokosekana. Au basi alikuwa akimtania bwana afya, na nani kati yetu aliyekulia kijijini hajui namna wazee wanavyomtania mgeni kwa adabu zote, uso umekauka kabisa?

Kisa cha pili kina maana zaidi, na hiki kina mwenyewe. John Wilson, Mwingereza, alieleza jinsi watu wa kijiji kimoja cha Afrika walivyoonyeshwa filamu ya usafi, ofisa akionyesha polepole namna ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani na kuokota makopo matupu. Baadaye wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: tumeona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba kuna kuku. Ikabidi waikague picha kwa picha, na kweli, kuku alikuwapo, alikatiza katika pembe ya chini kwa muda wa kama sekunde moja. Kisa hiki alikichukua Marshall McLuhan wa Kanada katika kitabu chake cha mwaka 1962, kikazunguka vyuo vikuu vya dunia kama ushahidi kwamba mtu asiyesoma hajui kutazama picha nzima.

Mimi kila nikikifikiria namwonea huruma mpigapicha. Kazi yake ya kwanza, kabla ya kuwasha kamera, ni kuzungusha macho kwenye pembe nne za fremu ajue kuna nini. Hakufanya hivyo. Watazamaji walifanya kwa niaba yake. Mfugaji wa kuku anayeona kuku akirushwa hana budi kujiuliza ni wa nani na kimemkimbiza nini. Na kama filamu yote ni mtu mmoja anayekwenda polepole, tena polepole kwa sababu umeamuliwa kuwa mgumu wa kuelewa, basi kuku ndiye kitu pekee chenye uhai ndani yake!

Wakati huo huo, jamani, watu wale wale waliosemwa hawawezi kuelewa shoti ya karibu walikuwa wakipanga foleni kwa fedha zao. Unguja, watu walijaza sinema za mjini kutazama filamu za Misri na za Kihindi. Dar es Salaam kulikuwa na Empire na Avalon na nyinginezo. Raj Kapoor alipotoka na Awara mwaka 1951, filamu ile ilizunguka nusu ya dunia, na huku kwetu walikuwapo watu wasiojua neno moja la Kihindi waliotoka ukumbini macho mekundu. Nani aliwafundisha kwamba uso mkubwa wa Nargis wenye chozi si uso wa jitu? Hakuna aliyekuwa na haja ya kuwafundisha.

Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1950 kampuni ya Afrika Kusini iitwayo African Film Productions ilikuja Tanganyika kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu mchezaji mkuu alikuwa kijana wa idara ya Maendeleo ya Jamii, akiigiza mtu wa shamba anayeingia mjini na kukutana na wajanja. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Baada ya miaka kama kumi kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, mwaka 1962. Sijui nchi ngapi zinaweza kusema kwamba waziri mkuu wao aliwahi kuwa nyota wa sinema kabla Marekani haijamchagua Ronald Reagan.

Sasa turudi Upare, na ile filamu ya kodi.

Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni pamoja na watemi walianzisha Upare kodi ya nyongeza iliyopanda kwa kadiri ya mali ya mtu. Waliipa jina la zamani, mbiru, ili ionekane ni jambo la mila. Wapare hawakukataa kulipa kodi. Hilo ni lazima lisemwe kwa sababu mara nyingi husahauliwa. Walisema wako tayari kulipa kiwango kimoja kwa wote. Walichokataa ni kukadiriwa: mtu kuja, kutazama migomba na mbuzi wako, kwenda zake na kuandika thamani yako kwenye karatasi ambayo huioni. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka kutoka milimani, wakatembea hadi Same kwenye makao ya wilaya, wakakaa. Hawakupiga mtu. Walikaa tu, siku kwa siku, wiki kwa wiki, wake zao wakiwapelekea chakula. Akina Paulo Mashambo, walioonekana kuwa viongozi, waliadhibiwa. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakatoka, wakamkabili mkuu wa wilaya uso kwa uso kumweleza kwamba yeye ndiye aliyewaacha bila waume. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu, aliandika habari hizi katika kijitabu chake kiitwacho Mbiru, kilichotoka mwaka 1971. Mwishowe kodi hiyo ilifutwa.

Sinema ya kodi ilikuwapo tangu miaka ya 1930. Sinema ya mbiru sijapata kuiona, wala sijakutana na mtu aliyeiona. Kwa hiyo nimekuwa nikijaribu kuipiga kichwani mwangu, na ninawakaribisha tuipige pamoja.

Tuseme kamera ilikuwapo Same na imeshikwa na mtu wa serikali. Angesimama wapi? Bila shaka barazani kwa mkuu wa wilaya, kwenye kivuli, akitazama nje. Angepata shoti ya mbali: vichwa, vichwa, vichwa, vumbi. Kutoka mbali na kutoka juu, watu elfu kadhaa waliokaa kwa utulivu huonekana kama kundi lililokusanyika kwa ghasia. Kisha angegeuka apige shoti ya kati ya mkuu wa wilaya, amekaa mezani, anaandika, amechoka lakini mvumilivu. Hakuna uongo hata mmoja katika picha hizo mbili. Kila kilichomo kilikuwapo. Lakini mwenye uso ni mmoja, na wengine wote ni mandhari.

Sasa mpe kamera ile ile mtu aliyekaa chini kwenye vumbi. Shoti yake ya kwanza ingekuwa ya karibu: jirani yake, ndevu zimeota tangu walipoondoka nyumbani. Mkono unaokunjua kipande cha karatasi cha makadirio. Na ile baraza ya serikali ingeonekana huko mbali, ndogo, mtu mweupe akipita dirishani. Mke amewasili kutoka milimani na kikapu. Kamera ingemfuata kwa sababu anayeishika ana njaa. Ndiyo Same ile ile, saa ile ile.

Mimi naona wakadiriaji wa mbiru na wakadiriaji wa watazamaji walikuwa wakifanya kazi ya aina moja. Wote walikuja, wakatazama kidogo kutoka mbali, wakaandika kiasi cha mtu.

Kuna shoti nyingine iliyoigusa tambarare ile, nayo ni ya kutoka angani. Mwaka 1959 Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani alitoa filamu ya Serengeti, aliyoipiga pamoja na mwanawe Michael kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka mwaka huo huo, na filamu ikapata tuzo ya Oscar. Ni filamu nzuri, na wanyama wale walistahili kutetewa. Lakini iliwazoesha wengi duniani kuiona nyika ya Tanganyika kutoka juu, ikiwa na nyumbu na bila moshi wa jikoni. Pori la Mkomazi, linaloanzia huko nyuma ya milima ya Upare na kupakana na Kenya, lilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na mwaka 1988 wafugaji wakaambiwa watoke na ng'ombe wao. Walikwenda mahakamani na hawakurudishiwa ardhi. Leo ni hifadhi ya taifa yenye faru. Sisemi filamu iliwatoa wafugaji. Ninachosema ni kwamba mtu wa London au Frankfurt aliyechanga fedha zake kwa ajili ya nyika alikuwa ameiona mara nyingi katika fremu, na katika fremu ile hapakuwa na mtu wa kuhamishwa.

Televisheni yetu wenyewe ilikuja kwa kuchelewa. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri hadi mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipoanza, na cha serikali kikafuata baadaye. Sasa fanya jaribio hili leo usiku. Tazama taarifa ya habari ya kituo chochote, na kila inapoonyeshwa ziara ya kijijini, hesabu. Kiongozi atapigwa kifuani kwenda juu, kamera chini kidogo, jina lake limeandikwa. Wananchi watapigwa kwa mbali, wakipiga makofi, bila jina. Akihojiwa mmoja wao, ni sekunde chache, amesimama juani akifinya macho. Hakuna mkoloni katika chumba kile cha kuhariri. Ni vijana wetu, wana shahada, na shoti wamezirithi.

Hivi karibuni kijana wa kike wa Kwakoa, mwanafunzi wa kidato cha nne, alinionyesha alichopiga kwa simu kuhusu maji ya kwao. Hakusoma popote. Ameanza na mdomo wa bomba uliokauka, karibu kabisa, mpaka unaona kutu. Kisha mkono wa mama yake ukifungua bomba bure. Kisha uso wa mama, naye hasemi lolote kwa muda mrefu kuliko ambavyo mhariri yeyote wa mjini angevumilia. Milima imekuja mwisho, huko mbali, yenye mawingu ya mvua juu yake. Tulikuwa watu saba tukiizunguka simu ile. Video ilipokwisha, bibi yake, ambaye hakuwahi kukaa darasani, aliomba irudishwe nyuma. Alikuwa ameona punda akikatiza nyuma ya mama, amebeba madumu, na alitaka kujua ni punda wa nani na hayo maji ameyatoa wapi.